Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: hivi kompyuta ya nyumbani inahitaji antivairasi ya kulipia?

Maswali haya yanarudi kila mtu akinunua laptopu mpya, au kile kidirisha cha "leseni yako imeisha" kikianza kumsumbua kila akiwasha mashine. Majibu yanamhusu mtu anayetumia kompyuta nyumbani kwake, sio ofisi yenye mashine mia na mtu wa IT.

Nipe jibu fupi kwanza, nilipie au nisilipie?

Usilipie. Kama una Windows 11, apdeti zinaingia, hujazima ulinzi uliokuja nayo na huna tabia ya kudaunlodi programu za wizi, basi Microsoft Defender iliyomo humo ndani inakutosha, hiyo hela kanunulie diski ya nje ya kuwekea bakapu. Wapo watu wachache wanaofaa kulipia na wametajwa huko chini, ila wengi wanaolipa wamelipa kwa sababu kidirisha kiliwatisha, ukiwauliza wamenunua nini hasa hawajui.

Defender si ndo ile watu walikuwa wanaicheka?

Ndo hiyohiyo kwa jina, na walikuwa na haki ya kuicheka. Asili yake ni programu ya kampuni iliyoitwa GIANT ambayo Microsoft waliinunua mwishoni mwa 2004, ilipotoka kama Windows Defender mwaka 2006 kazi yake ilikuwa kukamata programu za kijasusi tu, virusi vya kawaida ilikuwa inaviangalia vikipita. Mwaka 2009 wakatoa nyingine ya bure, Microsoft Security Essentials, halafu Windows 8 ilivyotoka 2012 wakachanganya mambo yote humohumo kwenye Defender na ndo hapo Windows ikaanza kuja na antivairasi kamili bila wewe kuinstoli kitu. Ila bado ilikuwa dhaifu, mwaka huohuo 2012 maabara ya AV-TEST ya Ujerumani iliinyima Security Essentials cheti.

Sasa shida ni kwamba mtu aliyejifunza kompyuta miaka ile alibaki na ushauri wa miaka ile, ndo huyo ukinunua laptopu leo anakwambia kitu cha kwanza tafuta antivairasi. Wakati huo Defender imeshabadilika kabisa. Miaka ya karibuni kwenye vipimo vya AV-TEST mara nyingi inapata 6 kati ya 6 upande wa ulinzi, alama zilezile wanazopata hao wa kulipia. AV-Comparatives wa Austria nao wanaipima, kwao inapanda na kushuka kidogo lakini haimo tena kwenye kundi la kuchekwa.

Kwahiyo haina udhaifu?

Unao, na wauzaji wakikwambia hili wanakuwa wamesema kweli. Defender inategemea sana intaneti. Ikikutana na faili isilolijua inauliza sava za Microsoft huko kwenye wingu, "hili mnalijuaje?", na jibu linarudi ndani ya muda mfupi sana. Ukiikatia intaneti uwezo wake wa kutambua virusi unashuka, na vipimo vya AV-Comparatives vimeonyesha hivyo mara kwa mara, inaachwa nyuma na kina Bitdefender wakiwa wote hawana mtandao.

Kwa mtu ambaye yuko mtandaoni muda wote hilo halimgusi. Lakini kama kompyuta yako inakaa siku nyingi bila intaneti na mafaili yote yanaingia kwa flashi zinazozunguka kwa watu, hapo una sababu ya maana ya kutafuta nyingine, na hata hapo anza na ya bure. Bitdefender wanayo ya bure na injini yake ya kutambua virusi ni ileile ya kwenye toleo lao la kulipia.

Ngoja, kama injini ni ileile, hizo za kulipia zinauza nini?

Swali zuri na ndo watu wengi hawaulizi. Ukisoma lile jedwali lao la kulinganisha matoleo, ule mstari wa kukamata virusi una tiki kote, kwenye bure na kwenye la kulipia. Tofauti zinaanza chini yake: VPN (ya kuficha unachofanya mtandaoni), kitunza paswedi, udhibiti wa watoto, nafasi ya kuhifadhi mafaili mtandaoni, kisafisha kompyuta, kifuatiliaji cha kuangalia kama imeili yako imevuja, na mtu wa kuongea naye ukikwama. Kwahiyo unanunua kapu la vitu.

Sio vitu vibaya. Ila angalia kimoja kimoja. Kitunza paswedi kipo cha bure na kizuri, Bitwarden kwa mfano, na hata brauza yako inatunza paswedi. Kujua kama imeili imevuja kuna Have I Been Pwned, bure, unaandika imeili unapata jibu hapohapo. Udhibiti wa watoto Windows na Mac wanao wa kwao. Firewall, ule ukuta wa kuzuia wa nje wasiingie kwenye kompyuta kupitia mtandao, ipo kwenye Windows tangu zamani na inafanya kazi. Kisafisha kompyuta hukihitaji kabisa, kile cha kuonyesha "makosa 1,400 yamepatikana" ni maigizo tu. VPN inabaki, na kama kweli unaihitaji ni afadhali ulipie VPN yenyewe kutoka kwa watu ambao kazi yao ni hiyo.

Halafu kuna suala la bei. Ile bei ya kukuvutia ni ya mwaka wa kwanza, wa pili unakatwa bei kamili ambayo inaweza kuwa mara mbili au zaidi, na inakatwa yenyewe kwenye kadi kwa sababu kujirenyu kumewashwa tangu siku uliyonunua. Ukinunua, ingia kwenye akaunti siku hiyohiyo ukazime.

Na hizo za bure, wanapata wapi hela?

Kwa kukusumbua ununue, hiyo ndo njia ya kwanza. Njia ya pili imewahi kuwa mbaya zaidi. Avast, moja ya antivairasi za bure zilizotumika sana duniani, walikuwa na kampuni tanzu inaitwa Jumpshot iliyokuwa inauza taarifa za kurasa watumiaji walizotembelea. Ilivyogundulika wakaifunga Januari 2020, na mwaka 2024 tume ya biashara ya Marekani, FTC, ikawatoza dola milioni 16.5 na kuwakataza kuuza taarifa za namna hiyo kwa ajili ya matangazo. Yaani programu uliyoiweka ikulinde usichunguliwe ndo ilikuwa inachungulia.

Na kulipia peke yake hakukutoi kwenye mambo ya ajabu. Norton mwaka 2021 waliweka kifaa cha kuchimba sarafu za kidijitali ndani ya antivairasi yao, ulikuwa unawasha mwenyewe, lakini wenyewe wanachukua asilimia 15 ya ulichochimba. Jambo lingine ambalo wengi hawalijui, Norton, Avast, AVG na Avira siku hizi zote ziko chini ya kampuni moja, Gen Digital, kwahiyo ukihama kutoka moja kwenda nyingine ukidhani umekimbia, umebadilisha chumba tu nyumba ni ileile.

Naweza kuweka antivairasi mbili ili nilindwe zaidi?

Hapana. Kila moja inataka kukagua faili kabla halijafunguka, zitagombania faili lilelile na kompyuta itakuwa kobe. Ukiweka nyingine kwenye Windows, Defender inajizima yenyewe kuipisha.

Laptopu yangu mpya imekuja na antivairasi ya majaribio, nifanyeje?

Itoe. Mtengenezaji wa laptopu analipwa kuiweka humo, haina uhusiano na mahitaji yako. Nenda kwenye orodha ya programu, iondoe, zima na kuwasha kompyuta, halafu fungua Windows Security uhakikishe Defender imerudi kazini na alama ni ya kijani. Hiki kipengele cha mwisho usikiruke, maana kuna watu majaribio yao yaliisha, hawakulipia, hawakuitoa, wakakaa na programu iliyokufa imeziba nafasi na wao wanajua wanalindwa. Nyingine ni ving'ang'anizi, ukizitoa zinabakiza mabaki, kampuni nyingi zina kifaa chao maalum cha kuziondolea kabisa, kitafute kwenye tovuti ya kampuni yenyewe sio kwingine.

Bado niko Windows 10, au 7. Nikilipia antivairasi si nitakuwa salama?

Hapa ndo pesa nyingi zinapotea bure. Windows 7 iliachwa rasmi 14 Januari 2020. Windows 10 ikafuata 14 Oktoba 2025, ingawa kwa watumiaji wa nyumbani Microsoft waliweka mpango wa kujiandikisha uendelee kupata apdeti za usalama hadi 13 Oktoba 2026. Kama uko Windows 10 na mashine yako haikubali 11, jiandikishe huko kwanza kabla ya kufikiria antivairasi yoyote.

Sababu ni hii. Antivairasi inatafuta mafaili mabaya, haizibi matundu ya mfumo wenyewe. Angalia WannaCry, Mei 2017, ile iliyofunga kompyuta kwenye nchi zaidi ya 150 na kusimamisha mahospitali Uingereza. Ilikuwa inapita kwenye tundu la Windows ambalo Microsoft walishalizibia apdeti tangu Machi, miezi miwili kabla. Aliyeapdeti haikumgusa kwa njia hiyo, awe na antivairasi ya kulipia au asiwe nayo. Defender yenyewe itaendelea kupewa orodha mpya za virusi kwenye Windows 10 hadi 2028, Microsoft wameshasema, lakini orodha ya virusi ni kitu kimoja na kuziba matundu ni kitu kingine, usije ukaona Defender inaapdeti ukafikiri na Windows nayo inaapdeti.

Kama mashine ni ya zamani sana na haiwezi 11, weka Linux, mfumo mwingine unaokaa badala ya Windows. Mint kwa mfano, mtu aliyezoea Windows anaielewa ndani ya siku chache, na ni bure.

Mimi natumia Mac, hainihusu si ndiyo?

Inakuhusu kidogo. Apple wana XProtect tangu 2009, inafanya kazi kimyakimya hutaiona popote, na Gatekeeper tangu 2012 inayozuia programu za watu wasiojulikana. Kulipia hakuna haja. Ila ule usemi wa "Mac haipati virusi" achana nao, tangu 2023 kuna kitu kinaitwa Atomic Stealer kinauzwa kwa wahalifu kwa kukodisha, kinajifanya programu ya kawaida, kinakuomba paswedi ya Mac yako kwa kidirisha kinachofanana na cha Apple, ukiandika tu kinabeba paswedi zote za brauza. Programu ikikuelekeza ubonyeze kulia ndo uifungue, au uburute kitu ukidondoshe kwenye Terminal (dirisha la kuandikia amri), hiyo ni njia ya kukwepa Gatekeeper.

Na Linux, Chromebook, simu?

Linux na Chromebook, usihangaike. iPhone, hizo zinazoitwa antivairasi haziwezi hata kukagua programu nyingine kwa sababu iOS haiziruhusu, unachopata ni VPN na kichuja tovuti. Android ina Play Protect, ulinzi wa Google uliomo humo humo, hatari kubwa huko ni mafaili ya APK (ya kuinstolia programu bila kupitia Play Store) yanayotumwa kwenye magrupu, na programu inayokuomba ruhusa ya huduma za ufikivu (Accessibility) bila sababu ya kueleweka, ukiipa hiyo ruhusa inaona kila unachoandika na inaweza kukubonyezea vitufe.

Nilidaunlodi programu iliyokrakiwa (ya kulipia iliyovunjwa leseni), maelekezo yanasema nizime antivairasi kwanza kwa sababu ni "kengele ya uongo". Ni kweli?

Jamani. Hebu fikiria, mtu usiyemjua, asiyekutoza hata senti, anakwambia zima mlinzi halafu niruhusu niendeshe programu kwa mamlaka yote ya kompyuta yako, na wewe unafanya. Hakuna antivairasi duniani, hata ile ya bei kubwa kuliko zote, itakayokusaidia ukiizima kwa mkono wako mwenyewe.

Ni kweli kwamba kraki nyingine zinapiga kengele kwa sababu tu ni kraki, hazina baya lingine. Lakini huwezi kutofautisha, mimi pia siwezi kwa kuangalia tu, na wanaotengeneza virusi wanajua kwamba huwezi. Ndo maana kraki, programu za kuamilisha Windows na Office bila leseni, na za kudanganyia kwenye magemu zimekuwa njia kuu ya kusambaza wezi wa taarifa, kina RedLine na Lumma.

Na hawa wezi wa taarifa ni wa kuwaelewa vizuri kwa sababu hawafanani na virusi tulivyozoea. Kompyuta haiwi nzito, hakuna fuvu kwenye skrini. Kinaingia, dakika moja mbili kinakusanya paswedi zilizotunzwa kwenye brauza, kuki za brauza, pochi za sarafu za kidijitali, kinatuma kote huko, na mara nyingi kinajifuta. Kuki ndo mbaya zaidi. Kuki ya akaunti uliyokwishaingia inaiambia tovuti kwamba huyu ni yuleyule, kwahiyo mwizi akiiweka kwenye brauza yake anaingia moja kwa moja bila paswedi na bila ule msimbo wa simu. Ndo unasikia mtu analalamika "nilikuwa na uthibitisho wa hatua mbili na bado wamechukua akaunti". Kama programu ni ghali tafuta mbadala wa bure, LibreOffice ipo, GIMP ipo, DaVinci Resolve ya bure ipo na inazidi vitu vingi vya kulipia.

Antivairasi ya kulipia itaniokoa na hivi virusi vinavyofunga mafaili na kudai hela?

Inaweza kuokoa, inaweza isiokoe, na hiyo "inaweza" ndo tatizo lenyewe. Juni 2017 NotPetya iliingia kwenye makampuni kupitia apdeti ya programu halali kabisa ya uhasibu ya Ukraine, M.E.Doc. Watu waliapdeti programu wanayoiamini wakapoteza kila kitu, na hata kulipa hakukusaidia kwa sababu haikutengenezwa iweze kurudisha mafaili.

Kinachorudisha mafaili ni bakapu, na iwe bakapu ambayo haijachomekwa. Watu wananunua diski ya nje wanaiacha kwenye kompyuta mwaka mzima, virusi vikija vinafunga hadi hiyo. Chomeka, nakili, chomoa, kaweke kabatini. Nakala nyingine ya vile vitu ambavyo ukivipoteza utalia, picha na vyeti, ikae mtandaoni.

Kuna pia kitu ndani ya Defender ambacho kinakuja kimezimwa na wengi hawajui kipo. Fungua Windows Security, nenda Virus & threat protection, shuka chini mpaka Ransomware protection, washa Controlled folder access. Kuanzia hapo programu isiyojulikana haiwezi kubadilisha mafaili kwenye Documents, Pictures na mafolda mengine utakayoongeza. Itakukera wiki ya kwanza maana hata gemu lako linaweza kukataliwa kuhifadhi ulipofika, unaliruhusu moja moja, baadaye inatulia. Angalizo, hii inafanya kazi Defender ikiwa ndo antivairasi yako, ukiweka nyingine inapotea.

Brauza imejaa ujumbe "kompyuta yako ina virusi 5, piga namba hii". Nipige?

Usipige. Huo ni ukurasa wa tovuti tu, na tovuti haiwezi kuskani kompyuta yako. Funga brauza, ikigoma bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja uiue kutokea hapo, ukifungua tena usikubali irudishe kurasa za mwanzo. Ukipiga hiyo namba utampata mtu mpole sana atakayetaka uweke programu ya kuiongoza kompyuta yako kutoka kwake, na mwisho utalipa.

Kama ujumbe unatokea pembeni chini kulia hata ukiwa hujafungua kitu, kuna tovuti uliiruhusu ikutumie taarifa, labda ulibonyeza "ruhusu" ili kuangalia video. Nenda kwenye mipangilio ya brauza sehemu ya taarifa za tovuti ukaifute. Watu wengi wameishia kununua antivairasi kwa sababu ya hivi vijitangazo, na mara nyingine tangazo lenyewe ndo linakupeleka kwenye duka la antivairasi halali, kuna mtu katikati anakula kamisheni.

Ukurasa unaniambia nithibitishe mimi sio roboti kwa kubonyeza Windows na R halafu Ctrl na V. Ni kawaida?

Sio kawaida, funga haraka. Ukurasa umeshanakili amri kwenye ubao wa kunakilia wa kompyuta yako (clipboard) bila wewe kuona, ukibandika na kubonyeza Enter umeiendesha mwenyewe. Hii imeshika sana tangu 2024 na antivairasi zinahangaika nayo kwa sababu anayeendesha amri ni mwenye kompyuta.

Nimetumiwa faili kwa imeili, nitajuaje kama ni salama?

Washa kwanza maonyesho ya vikia vya mafaili, yaani zile herufi za mwisho wa jina baada ya nukta. Windows hadi leo inavificha, na hiyo hila ni ya zamani, mwaka 2000 kirusi cha ILOVEYOU kilikuja na faili lililoitwa LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs, watu wakaona .TXT tu wakajua ni barua, wakafungua. Fungua folda yoyote, View, Show, halafu File name extensions. Ukiona "ankara.pdf.exe" au kitu kinaishia na .scr, .js, .vbs, .lnk, futa.

Ukiwa na wasiwasi peleka faili VirusTotal, ni ya Google, inalikagua kwa injini zaidi ya 60 kwa mara moja bure. Ila usipeleke humo kitambulisho chako au mkataba, mafaili yanayowekwa pale yanaweza kuonekana na wengine.

Flashi bado ni hatari?

Kujiendesha zenyewe Microsoft walikuzima mwaka 2011 hata kwa Windows za zamani kama XP. Kilichobaki ni ile hila ya njia za mkato: unafungua flashi unakuta mafolda yako yamegeuka vibonyezo, ukibonyeza linafunguka folda na kirusi kinaendeshwa pamoja nalo. Bonyeza kulia kwenye flashi, iskani na Defender kabla ya kufungua. Mafaili yako yapo, yamefichwa tu, washa Hidden items utayaona.

Sasa nani alipie?

Mwenye familia yenye vifaa vingi mchanganyiko anayetaka kuviona vyote kwenye skrini moja na kuwadhibiti watoto humohumo. Mtu anayemhudumia mzazi aliye mbali na anataka kuwe na namba ya kampuni ya kupigiwa simu saa nane usiku badala ya yake. Mwenye kabiashara anayetunza taarifa za wateja kwenye laptopu ya nyumbani, huyu anunue ya biashara sio ya nyumbani. Na yule wa bila intaneti tuliyemtaja juu, akijaribu za bure zikamshinda.

Antivairasi yenyewe inaweza kuniletea matatizo?

Inaweza, kwa sababu inakaa ndani kabisa ya mfumo na ina mamlaka kuliko wewe. Tarehe 19 Julai 2024 apdeti moja mbovu ya CrowdStrike iliangusha kompyuta za Windows kama milioni 8.5, viwanja vya ndege vikasimama, na hakukuwa na mdukuzi hata mmoja. Hiyo ni ya makampuni, nyumbani haikuingia, ila inaonyesha hizi programu zinakaa wapi. Mwaka huohuo Marekani ilipiga marufuku Kaspersky, kampuni ya antivairasi ya Urusi, kuuza nchini mwao, na Septemba wateja wa huko wakaamka wakakuta kompyuta zao zimewekewa antivairasi nyingine, UltraAV, bila wao kubonyeza kitu. Kila programu yenye mamlaka makubwa unayoongeza ni mtu mwingine unayempa funguo, hata akiwa mwema.

Nadhani nimeshaingiliwa, naanzia wapi?

Kata intaneti. Chukua kifaa kingine ambacho ni safi, simu inafaa, badilisha paswedi ukianza na imeili kwa sababu kupitia imeili wanaweza kuzibadilisha nyingine zote, halafu benki. Kwenye kila akaunti tafuta pale pa kutoa vifaa vyote vilivyoingia humo (sign out), hapo ndo unaua zile kuki zilizoibiwa, ukibadilisha paswedi bila kutoa vifaa mwizi anaweza kubaki ndani.

Kompyuta yenyewe, endesha Microsoft Defender Offline, iko kwenye chaguo za kuskani, itazima na kuwasha mashine na kukagua kabla Windows haijaamka. Rudisha intaneti baada ya hapo, ongeza skani ya Malwarebytes ya bure iwe jicho la pili, hiyo haigombani na Defender ukiiacha bila ule ulinzi wake wa muda wote. Kama kilikuwa mwizi wa taarifa au hujui kilikuwa nini, mimi ningefuta Windows yote na kuweka upya, ni kazi ya mchana mmoja.

Nitajuaje Defender yangu inafanya kazi kweli?

Kuna faili la majaribio la EICAR, ni maandishi ya herufi 68 tu, halina madhara yoyote, antivairasi zote zimekubaliana kulichukulia kama kirusi. Lidaunlodi kutoka tovuti ya eicar.org. Defender ikiwa hai utaona brauza inalikataa au kinaruka kidirisha kwamba tishio limeondolewa, na kwenye Protection history litakuwa limeandikwa. Likikaa kwenye Downloads kimya na unaweza kulifungua, rudi Windows Security uangalie kama kuna antivairasi nyingine ya zamani imeshika nafasi au Real-time protection imezimwa.